Mgambo, Uji na Daftari la Mahudhurio

Mimi ni mwalimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, na nalisema hilo kwa fahari, ingawa wapo waliotuita hivyo kwa dharau. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba. Tulifundisha huku tukifundishwa, masomo mengine yakitujia kwa redio. Darasa langu la kwanza lilikuwa chini ya mbuyu, huku Ugogoni, Dodoma.

Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973, na wengi waliamini kikwazo kimeondoka. Daftari la mahudhurio lilinionyesha mengine. Niliweka kijistari kwa aliyefika na sifuri kwa asiyefika, na sifuri zile zilikuwa na majira yake. Januari hadi Machi, uwele ukiwa bado mchanga shambani na ghala ni tupu, zilijaa ukurasa mzima. Kiangazi kikiingia, wavulana waliondoka na ng'ombe kufuata malisho, na wasichana walikuwa korongoni tangu alfajiri, wakisubiri maji yajikusanye kwenye mashimo waliyoyachimba mchangani. Ukinisomea majina ya watoro wa mwezi wowote, ningekuambia nyumbani kwao kuna nini na hakuna nini.

Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya mahudhurio kuwa lazima, na mzazi akawa wa kushtakiwa. Nimemwona mgambo akimleta mtoto amemshika mkono, baba yake akiwa ameitwa kwa mtendaji kulipa faini. Mtoto alikuja wiki moja. Wiki iliyofuata sifuri ilirudi, na kaya ile ilikuwa imepungukiwa mbuzi aliyeuzwa kulipa faini.

Kisha hali ya uchumi ikaharibika, na ada ikarudi pamoja na michango. Uandikishaji uliokaribia asilimia 100 mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa chini ya 80 kufikia mwaka 2000. Ada ilifutwa tena mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza 2002, na madarasa yakafurika upya.

Lakini lililobadilisha daftari langu ni sufuria. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa chakula katika shule za mikoa ya ukame, Dodoma ikiwemo: uji asubuhi, mahindi na maharage mchana. Watoto walikuja na kuni na vidumu vya maji kabla kengele haijagongwa. Alikuwepo msichana wa darasa la tatu aliyekula nusu ya makande yake, iliyobaki akaifunika kwa sahani na kumpelekea mdogo wake. Tulimwachia. Tangu sufuria ilipoinjikwa, hakukosa shule hata mwezi wa Februari.

Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ukajaribu jambo ambalo wengi walilitilia shaka: kuzipa kaya maskini fedha taslimu kila baada ya miezi miwili, kwa sharti kwamba watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki. Majaribio yalifanyika Bagamoyo, Kibaha na hapa kwetu Chamwino. Wasiwasi ulikuwa kwamba fedha zingeishia kwenye pombe. Watafiti waliofuatilia kaya hizo walikuta watoto wakiwa na viatu zaidi, wazazi wakijiunga na bima ya afya, na mifugo ikiongezeka. Kwangu mimi mifugo ndiyo habari kubwa. Kaya yenye kuku wa kuuza haina haja ya kumtoa mtoto shuleni akapalilie mashamba ya watu.

Sharti lile nalo lilikuwa na uzito wake, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyejaza fomu. Sifuri yangu sasa ilikuwa na bei, na mtoto aliyelala na malaria angeweza kumkosesha mama yake malipo. Ndiyo maana nilishikilia kwamba kabla ya kujaza, mwalimu apige hodi kwenye kaya ile aulize.

Siku hizi chakula cha shule ni mchango wa wazazi, debe la mahindi kwa kaya. Mkutanoni hujitokeza wanaosema asiyechanga, mwanawe asile. Mimi nimestaafu, lakini huhudhuria kila mkutano na kusimama kulipinga hilo, kwa sababu wasiochanga ni wale wale niliokuwa nikiwaandikia sifuri Februari.