Mbwa wa Unyanyembe na Daftari la Nasaba

Aliyepata kufika Kwihara katika nchi ya Unyanyembe, kiasi cha kilomita 6 kutoka mjini Tabora, akalizuru lile tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872, aghalabu hakosi kumwona mbwa amejilaza kivulini mwa mwembe, rangi yake ya udongo, masikio yamesimama, mkia umepinda juu ya mgongo, mbavu zahesabika. Wala hashughuliki kumtazama mara ya pili, kwa kuwa mbwa wa namna hiyo wametapakaa tangu Bagamoyo hata Ujiji, na hakuna anayedhani kwamba wana habari ya kusimuliwa. Huyo ndiye mbwa koko, yaani mbwa wa vichakani, ambaye Wazungu wa zama za ukoloni walimwita mbwa shenzi, na ambaye wenyewe tunaoishi naye, tukiulizwa ni wa jinsi gani, hujibu upesi kwamba hana jinsi, ni mchanganyiko tu. Jibu hilo limepokewa miaka mingi bila ya kudaiwa ushahidi. Mimi nasema si kweli. Na ushahidi wa kulikanusha umepatikana, ajabu iliyoje, katika miisho ya njia zile zile za misafara ambazo kitovu chake kilikuwa Tabora.

Ushahidi wenyewe ni wa vinasaba. Neno hilo ni jipya katika lugha yetu, lakini mzazi wake, nasaba, ni mkongwe, na watu wa pwani walikuwa wakiihifadhi nasaba kwa kalamu na kwa moyo, baba kwa baba, tangu kabla ya misafara kupanda bara. Mtanzania wa kawaida amevijua vinasaba kwa habari za Mkemia Mkuu wa Serikali, pale wazazi wanapogombana juu ya mtoto, na tangu mwaka 2009 iko sheria mahsusi inayosimamia vipimo hivyo kwa binadamu. Kwa mbwa, mambo ni mepesi zaidi: kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu la mnyama, kikaachwa kikauke, kikapelekwa maabara, na huko husomwa maelfu kwa maelfu ya mahali ambapo maandishi ya mwili wa mbwa mmoja hutofautiana na ya mwingine. Ilmu hii ilipata msingi mwezi Desemba 2005, ilipotangazwa kwamba maandishi yote ya vinasaba vya mbwa yamekwisha kusomwa, naye aliyetoa damu yake alikuwa jike la jinsi ya boxer aitwaye Tasha. Na mwaka mmoja kabla ya hapo wataalamu wa Marekani walikuwa wamethibitisha, kwa kupima mbwa wa jinsi 85, kwamba karibu kila mbwa mwenye nasaba iliyoandikwa huweza kurudishwa katika jinsi yake kwa vinasaba peke yake. Kufikia 2007 kipimo kilikuwa kikiuzwa kwa mtu yeyote atakaye kujua mbwa wake ametokana na nini.

Lakini yapasa tuelewe vema namna kipimo kinavyojibu. Hakina maarifa yake chenyewe, hulinganisha. Ndani ya maabara mna daftari la mbwa ambao asili zao zajulikana, na mbwa mgeni hutafutiwa humo ndugu zake. Ikiwa daftari limejaa mbwa wa Ulaya, kisha ukaleta mate ya mbwa wa Kwihara, hali inakuwa mithili ya karani aliyepewa orodha ya koo za Muscat tu, akaletewa mtu wa Unyanyembe na kuamriwa amtafutie ukoo wake humo humo: atamtia katika ukoo huu kwa ajili ya pua, na katika ule kwa ajili ya kimo, na karatasi itakayotoka itakuwa na muhuri na hesabu za kupendeza, ilhali haina ukweli. Swali lenyewe, mbwa huyu ni mchanganyiko wa jinsi zipi, limekwisha kuamua jambo ambalo lilipaswa kwanza kuchunguzwa.

Basi tuitazame tarikh. Maonyesho ya kwanza ya mbwa ya namna tunayoijua leo yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwezi Juni 1859, miezi michache tu baada ya Burton na Speke kurudi pwani kutoka Kazeh, jina walilouita mji wa Tabora, ambako waliingia mwezi Novemba 1857 wakapokewa kwa ukarimu na mfanyabiashara Snay bin Amir. Kennel Club ya London, iliyoanza kuwaandika mbwa vitabuni na kuzifunga jinsi zao zisichanganyike, iliasisiwa mwaka 1873, na mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao waliingia Unyanyembe wakiuchukua mwili wa bwana wao kuupeleka pwani. Nyingi za jinsi hizo za mbwa, ambazo leo huhesabiwa kuwa ndiyo asili, zilifungiwa vitabuni wakati ambapo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wamekwisha kuzoea njia ya kwenda pwani na kurudi. Kusema kwamba mbwa wa Kwihara ni mchanganyiko wa jinsi hizo ni sawa na kusema kwamba babu amezaliwa na wajukuu.

Hata lugha yatoa shahada. Kiswahili hakikuona haya kuazima: farasi tulimpokea pamoja na jina lake la Kiarabu. Lakini mbwa hatukumwita kwa jina la Kiarabu. Tumebaki na neno letu la Kibantu, ambalo Mganda hulitamka embwa, na Mnyarwanda imbwa, na Mshona wa Zimbabwe imbwa vilevile. Neno lililoenea hivyo, katika lugha zilizoachana zamani sana, halikuletwa na msafara wa pembe wala na jahazi la juzi.

Wapo mbwa walioletwa na misafara, na habari zao zimeandikwa. Mwaka 1871 Stanley alitoka pwani akiwa na mbwa wake Omar, aliyemtoa Bombay ili amlindie hema. Omar akafa katika safari, baada ya taabu ya mabwawa ya Makata, asiione Tabora. Mwezi Novemba 1874 Stanley alirudi na mbwa watano wa Kiingereza, Castor na Captain na Nero na Bull na Jack, na Castor, aliyekuwa hidaya ya bibi tajiri wa London, mnyama mkubwa wa kutisha, alianguka akafa kwa joto la jua katika siku za mwanzo baada ya kuiacha Bagamoyo. Bull ndiye aliyevumilia kuliko wenziwe: alitembea kwa miguu yake mpaka Nyanza na Karagwe, akafa mwaka 1876 kabla ya msafara kufika Ujiji. Nasoma habari hizi kwa huruma, maana hawa hawakuchagua safari. Walakini zaeleza jambo kubwa. Nchi ya Tabora ni nchi ya miombo, na miombo ni makao ya mbung'o, naye mbung'o hamwachi mbwa kama asivyomwacha farasi. Mnyama asiyezaliwa na wazee waliokwisha kupambana na maradhi ya nchi hii, vizazi kwa vizazi, hakuwa na muda wa kuacha watoto. Mwaka 2018 wataalamu waliosoma vinasaba vyote vya mbwa wa asili wa Kiafrika walibainisha humo alama za uteuzi wa muda mrefu, na mojawapo ni katika kinasaba kinachohusika na kinga dhidi ya vijidudu jamii ya malaria. Yule mwenye mbavu za kuhesabika chini ya mwembe amebeba urithi ambao Castor, pamoja na ukubwa wake wote, hakuwa nao.

Sasa tufuate njia. Kutoka Tabora misafara ilikuwa na matawi, na tawi la kaskazini lilikwenda Karagwe hata Buganda, ndilo walilopita Speke na Grant. Ni huko Uganda, pamoja na Misri na Namibia, ambako mtaalamu wa vinasaba Adam Boyko na wenzake walikusanya damu za mbwa 318 wa vijijini, wakatangaza matokeo mwaka 2009. Walikuta kwamba katika sehemu nyingi walizopita mbwa wa kijijini si takataka ya jinsi za Ulaya hata kidogo. Ni kabila lao wenyewe, kizazi cha mbwa walioingia Afrika zamani, ingawa hapa na pale, hasa katikati ya Namibia ambako walowezi walikuwa wengi, palionekana damu ya kigeni. Tena wakawapima na mbwa wanaosifiwa duniani kuwa ni wa Kiafrika, na mizani ikapinduka: yule aitwaye Rhodesian Ridgeback, ambaye sifa zake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na yule aitwaye mbwa wa Firauni, wote wawili walionekana damu yao kubwa si ya Afrika. Waliopewa jina la bara hili kitabuni ni wageni, na asiyeandikwa popote ndiye mwenyeji. Mwaka 2015 Boyko na wenziwe walipanua kazi kwa mbwa 549 wa vijijini kutoka nchi 38. Na mwaka 2020 wataalamu wengine, waliosoma mifupa 27 ya mbwa wa kale, walionyesha kwamba mbwa wa Afrika kusini mwa Sahara wametokana na chimbuko moja lenye udugu na mbwa wa kale wa Mashariki ya Kati. Baadhi ya kampuni za vipimo nazo zimeongeza katika madaftari yao ukurasa wa mbwa wa kijijini wa Afrika Mashariki, jina lisilo na madaha, na nalipenda kwa sababu ni la kweli.

Sidai kwamba kila mbwa wa Tabora ni wa asili tupu. Reli ilifika mwaka 1912, wakaja maofisa na wamisheni na wafanyabiashara, na mjini damu hukutana. Wala sisahau kwamba Tabora ni mji wa Waislamu, na chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini sharia hiyo hiyo imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na mbwa wa As-habul Kahfi, wale watu wa pangoni, ametajwa katika Kurani pamoja na watu wema. Unajisi ni jambo la tohara. Haukumwondolea mnyama haki ya kuwa na asili.

Limebaki tawi la magharibi, la Ujiji na Manyema na Kongo, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote kwa sababu ya neno moja. Waungwana wa pwani waliopanda na misafara waliwaita watu wa bara washenzi, na neno hilo halikukoma ziwani. Lilivuka pamoja na Kiswahili, likaenea Kongo, na huko likatamkwa basenji, watu wa vichakani. Waingereza walipowachukua mbwa wadogo wa misitu ya Kongo, wasiobweka, wenye mkia uliojikunja kama pete, waliwapa jina hilo hilo. Wa kwanza, walioonyeshwa mwaka 1895, walikufa kwa maradhi. Wengine walifika salama katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937, wakaandikwa kitabuni, na kitabu kikafungwa. Vipimo vya vinasaba vilipokuja, basenji alionekana katika tawi la kale kabisa la mbwa wote wenye jinsi. Lakini kufungiwa kulikuwa kumemdhuru: waliotoka nje walikuwa wachache mno, wakazaana wao kwa wao, hata maradhi ya figo yakawa urithi wa ukoo. Ndipo mwaka 1987 na 1988 wapenzi wao wa Marekani walipofunga safari mpaka vijiji vya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kutafuta damu mpya, wakachukua mbwa ambao hakuna karani aliyewahi kuwaandika, baadhi yao wana milia kama chui milia, rangi ambayo kitabu hakikuwa kikiijua. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa, nao wakaandikwa.