Manju au Mganga? Uhalali wa Umaarufu wa Ng'wanamalundi katika Usukuma na Geita

Ikisiri

Jina la Ng'wanamalundi linafahamika kote Usukuma na nje ya mipaka yake, lakini sifa inayoambatana nalo ni ya miujiza zaidi kuliko ya sanaa. Makala haya yanachunguza iwapo anastahili umaarufu huo kama manju. Kwa kutumia mizani ya mashindano ya Bagika na Bagalu, makala yanadai kwamba masimulizi ya miujiza hayapingani na sifa ya kisanaa. Masimulizi hayo yalikuwa mojawapo ya njia za kuihifadhi. Hata hivyo, njia hiyo ilihifadhi nguvu ya msanii na kuyaacha maneno yake.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Ngoma ya Ng'wanamalundi, aliyefariki katika miaka ya 1930, imeendelea kuvuma kwa takribani karne moja bila kupasuka. Linalohitaji kuulizwa ni kile hasa kinachovuma. Anapotajwa Shinyanga, Mwanza au Geita, jambo linalosimuliwa kwanza ni mti ulionyauka baada ya yeye kuunyooshea kidole. Wimbo wake hautangulii, wala uchezaji wake. Katika fikra za wengi amekuwa mganga mwenye nguvu za ajabu ambaye, pamoja na hayo, alicheza ngoma.

Mpangilio huo wa sifa unaweza kugeuzwa. Ng'wanamalundi alikuwa kiongozi wa ngoma, na uganga wake ulihusiana moja kwa moja na kazi hiyo. Kiswahili kina neno mahususi kwa mtu wa aina hii: manju, yaani stadi wa kutunga na kuongoza nyimbo ngomani. Wasukuma humwita ningi, na kwa wingi baningi. Iwapo umaarufu wa Ng'wanamalundi ni wa miujiza peke yake, basi mahali pake ni katika historia ya uganga. Iwapo umetokana na uwanja wa ngoma, historia ya fasihi simulizi ya Tanzania ina deni kwake ambalo bado halijalipwa.

2.0 Mizani ya Uwanjani

Ni vyema kuanza na kipimo ambacho Wasukuma wenyewe walikitumia. Kwa mujibu wa mapokeo, katikati ya karne ya 19 viongozi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha, walishindana kubaini nani alikuwa na mvuto mkubwa zaidi. Wafuasi wao wakawa makundi mawili, Bagika na Bagalu, ambayo yamegawana uwanja wa ngoma wa Usukuma hadi leo. Mashindano hufanyika baada ya mavuno, wakati ghala zina chakula na watu wana nafasi. Makundi hayo mawili hucheza kwa wakati mmoja, katika viwanja vilivyo jirani. Mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi.

Kipimo hiki ni kikali kuliko kinavyoonekana. Mtazamaji hafungwi na kiti wala kiingilio. Akichoka kumsikiliza manju mmoja, hugeuka na kutembea hatua chache hadi kwa mpinzani wake, na hatua hizo ndizo hukumu. Hivyo manju hulazimika kutumia kila alicho nacho: sauti, utunzi wenye kejeli na mafumbo, mavazi, wachezaji waliofunzwa vizuri, mizungu ya kushangaza na dawa ya mvuto. Katika mfumo huo dawa haikuwa jambo la nje ya sanaa. Ilihesabiwa miongoni mwa zana za utendaji, kama zilivyohesabiwa ngoma na njuga.

Uzito wa mashindano hayo ulitambuliwa hata na wageni. Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyeanzisha kituo cha Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950, hakujaribu kuyafuta. Aliyaingiza katika sherehe ya Bulabo, inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi, na Bagika na Bagalu wakapata uwanja mpya chini ya kivuli cha kanisa.

3.0 Hoja Dhidi ya Umaarufu Huo

Hoja ya kwanza dhidi ya Ng'wanamalundi inahusu matini. Mtunzi hupimwa kwa alichotunga, na sifa ya Ng'wanamalundi haikujengwa juu ya matini. Tofauti inaonekana wazi akilinganishwa na msanii wa zama zake katika pwani, Siti binti Saad wa Zanzibar. Mwaka 1928 Siti alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Anayetilia shaka ukuu wa Siti anaweza kusikiliza sauti yake, kusoma maisha yake na kutoa hukumu. Ng'wanamalundi hakuingia katika historia kwa mlango huo. Anayetilia shaka ukuu wake huelekezwa kwenye mti.

Hoja ya pili inatokana na Geita. Eneo hili la magharibi lilikuwa sehemu ya Uzinza kabla ya Wasukuma wengi kuhamia huko. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947 ulihimiza uhamiaji huo ili kupunguza msongamano wa watu na mifugo katika maeneo ya kati. Dhahabu, iliyochimbwa Geita tangu miaka ya 1930, nayo iliwavuta watu kutoka pande nyingi. Wakati mpango wa 1947 unaanza, Ng'wanamalundi alikwisha kufariki. Kwa hiyo watoto waliozaliwa katika makazi hayo mapya walilipokea jina lake bila kuuona uwanja wake. Kama umaarufu unaweza kustawi mbali na jukwaa, kati ya watu ambao hawakupata nafasi ya kugeuka na kwenda kwa mpinzani, je, bado ni umaarufu wa kisanaa? Au ni desturi ya kurithi majina makubwa?

Hoja hizi zina uzito. Ya kwanza inaonyesha kwamba sifa ya utunzi haiwezi kutolewa kwa kukisia. Ya pili inaonyesha kwamba wingi wa wanaolitaja jina si ushahidi wa ubora wa mwenye jina.

4.0 Miujiza kama Uhakiki

Pamoja na uzito wake, hoja hizo zinaacha swali moja bila jibu. Kutumia dawa lilikuwa jambo la kawaida kwa baningi wa pande zote mbili. Kila mmoja alijigamba kuwa dawa yake ilikuwa kali kuliko ya mwenzake. Lau dawa na majigambo vingetosha kumfanya mtu akumbukwe, Usukuma ungekuwa na mamia ya akina Ng'wanamalundi. Wengi wa baningi hao wamesahauliwa pamoja na dawa zao. Kilichomtofautisha yeye hakiwezi kuwa kile alichoshiriki na wote. Ni lazima kitafutwe katika namna alivyokitumia mbele ya watu.

Kwa mtazamo huu, simulizi la mti ulionyauka linaweza kusomwa kama uhakiki. Jamii isiyoandika haikuwa na safu ya gazeti ya kumsifu msanii. Ilikuwa na tukio la kusimulia. Kumwambia mtoto kwamba fulani "alicheza vizuri" ni kumpa hukumu tupu, nayo husahaulika kabla ya msimu unaofuata. Kumwambia kwamba kidole cha fulani kilikausha mti ni kumpa picha, na picha husafiri. Ndiyo maana iliweza kufika Geita bila kupungua makali, ilhali ladha ya utendaji wenyewe ilibaki na waliouona. Muujiza ulikuwa chombo cha kubebea sifa.

Masimulizi ya kukamatwa kwake yanathibitisha jambo hilo kwa upande mwingine. Husimuliwa kwamba serikali ya kikoloni ilimkamata na kumpeleka mbali na kwao, kisha ikalazimika kumwachia baada ya kushuhudia uwezo wake. Hata kama maajabu ya gerezani yatawekwa kando, kiini cha simulizi kinaeleweka. Mtu anayekusanya umati kwa wito wake mwenyewe, bila baruti wala amri ya mtemi, ni tishio kwa dola yoyote inayotaka kuwa mwitaji pekee wa watu. Katika simulizi hilo, kinachoogopwa si mti mkavu. Ni umati. Na umati ndio uliokuwa kipimo cha manju.

Usomaji huu una mipaka yake. Si kila ajabu linalosimuliwa ni sifa iliyofichwa, na masimulizi ya kukamatwa yenyewe yaliongeza umaarufu ambao ngoma peke yake huenda isingeuleta. Lakini umati ulitangulia, na bila huo hapangekuwa na kisa cha kusimulia.

5.0 Kutoka Uwanjani hadi Jukwaani

Hatua iliyofuata ilikuwa ya Kiswahili. Mwaka 1988 Emmanuel Mbogo alichapisha tamthiliya Ngoma ya Ng'wanamalundi. Kwa kazi hiyo shujaa wa Usukuma aliingia katika fasihi andishi ya taifa, akasomwa na watu wasiojua Kisukuma na wasiowahi kusikia habari za Bagika na Bagalu. Jina la tamthiliya lina umuhimu wake: Mbogo hakuita kazi yake dawa ya Ng'wanamalundi wala miujiza yake. Aliiita ngoma yake. Kwa neno hilo moja alimrudisha shujaa kwenye kazi iliyompa jina.

Hata hivyo, msomaji hukutana humo na maneno ya Mbogo. Tamthiliya ilimpa Ng'wanamalundi uhai mpya, kama santuri zilivyomfanyia Siti, ila sauti inayosikika jukwaani ni ya mwandishi wa Kiswahili wa miaka ya 1980. Huo si upungufu wa tamthiliya, kwa kuwa mtunzi wa drama hana wajibu wa kuwa mtunza kumbukumbu. Ni dalili ya gharama iliyolipwa mapema zaidi, pale jamii ilipochagua kuhifadhi picha ya kidole badala ya mashairi ya kinywa.

6.0 Hitimisho

Hukumu inapaswa kugawanywa. Kama mtendaji na mvutaji wa umati, Ng'wanamalundi anastahili umaarufu wake, kwa kuwa aliupata chini ya kipimo ambacho hakikumwonea huruma mtu, na kwa kuwa miujiza anayosifiwa ni mwangwi wa kipimo hicho. Kama mtunzi, umaarufu huo hauwezi kutumiwa kama ushahidi. Kumwita mtunzi mkuu wa Usukuma ni kuwadhulumu baningi ambao tungo zao zinaweza kusikilizwa na kuchambuliwa.

Hukumu hii inawahusu zaidi walio hai. Katika viwanja vya Shinyanga na katika makazi ya Geita, mkoa ulioundwa mwaka 2012, bado wapo baningi wanaotunga kila msimu. Tungo zao zikisubiri hadi watunzi wafe, zitapatwa na mojawapo ya mambo mawili: kugeuka miujiza, au kusahaulika kabisa. Mtafiti wa fasihi simulizi anayefika uwanjani wakati wa mavuno ana nafasi ambayo waliomtazama Ng'wanamalundi hawakuwa nayo. Anaweza kuandika wimbo wenyewe, pamoja na jina la aliyeutunga, kabla mti haujasimuliwa kuwa umenyauka.