Kuimba na Kusoma: Asili ya Majina ya Nyimbo za Dini na za Sherehe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, yafaa kujulikana ya kwamba jina lolote huwa na habari ndani yake. Hai Cinema, mtaa wa mji wa Juba, ni maneno mawili. La kwanza ni la Kiarabu, na maana yake ni mtaa. Asili yake ni moja na ya neno "hai" la Kiswahili, yaani chenye uhai. La pili ni la nyumba ya kuonyeshea picha. Basi makao ya watu na pumbao lao yamekutana katika jina moja. Nyimbo nazo ni hivyo hivyo: hukutanisha ibada, furaha na pumbao, na kwa sababu hiyo Waislamu waliotangulia waliziwekea majina mbalimbali, kila jina na mahali pake.

Kiswahili kina neno pana, nalo ni wimbo, litokalo katika kuimba. Neno hili ni la Kibantu, la tangu asili. Mama humwimbia mtoto wake, mabaharia huimba wakivuta kamba, na bibi arusi huimbiwa. Lakini Waswahili walipoupokea Uislamu hawakuliacha neno hili lienee kila mahali. Kurani husomwa, wala haiimbwi, hata msomaji akiwa na sauti nzuri namna gani. Maulidi nayo husomwa, ijapokuwa yana mahadhi na waitikiaji. Uradi huvutwa, takbira za Idi huletwa, na dufu hupigwa. Kila kitenzi kati ya hivyo humfundisha mtoto adabu ya jambo lenyewe kabla hajafundishwa na mwalimu.

Maneno yaliyotoka Arabuni nayo yalibadilika yalipofika pwani. Kasida, kwa Kiarabu, ni shairi refu lenye kina kimoja, nalo lilikuwapo tangu kabla ya Uislamu. Washairi walilitumia kusifu wafalme, makabila na hata ngamia. Kwa Waswahili kasida imekuwa ni sifa za Mtume na mawaidha ya dini. Maulidi, ambayo asili yake ni mazazi, yamekuwa ni kisomo chenyewe na mkutano wake. Taarabu imetoka katika neno lenye maana ya kutikisika moyo kwa furaha au huzuni; Unguja likawa jina la muziki wa sherehe. Huko ndiko kilikoasisiwa chama cha Ikhwani Safaa mwaka 1905, na ndiko alikotoka Siti binti Saad, aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Hakuna Mswahili aliyechanganya taarabu na kasida, ingawa maneno yote mawili ni ya Kiarabu.

Si kwamba hapakuwa na mabishano. Maulidi yaliyosomwa sana pwani yalikuwa ni ya Barzanji, mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18. Kisha Habib Saleh bin Alawi, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha wa Lamu, aliyefariki mwaka 1935, akayaeneza maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut, yasomwayo kwa dufu. Baadhi ya wakubwa wa mji waliona kuwa matari hayafai kuingia msikitini. Wenye kuyasoma walishika neno lao: hiki ni kisomo, si ngoma. Basi neno lilikuwa ndilo mpaka wenyewe, na kila upande ulijua unabishania nini.

Katika bonde la Nile njia ilikuwa nyingine. Waislamu wa Sudan huziita sifa za Mtume madihi, na mwenye kuzitoa huitwa maddahi. Mmoja katika watungaji wao mashuhuri alikuwa Sheikh Abdulrahim al-Burai wa Kordofan, aliyefariki mwaka 2005. Watu wa tarika ya Khatmiya wanayo maulidi yao, yaliyotungwa na mwasisi wao, Sayyid Muhammad Uthman al-Mirghani, aliyefariki mwaka 1852. Ngoma yao ya kiwambo huitwa tari, na Mswahili akilisikia neno hilo hahitaji mkalimani, kwa kuwa naye anayo matari. Vigelegele vya akina mama wa pwani, kwa Kiarabu ni zagharidi. Sauti ni ile ile.

Njia hizi mbili zilikutana zamani, na mmoja katika wapatanishi wake alitoka karibu na Juba. Lado, kaskazini ya mji huu, ilikuwa makao ya Emin Pasha, liwali wa jimbo la Ikweta tangu mwaka 1878. Yeye aliondoka pamoja na Stanley mwaka 1889. Askari waliobaki chini ya Selim Bey wakachukuliwa na Lugard mwaka 1891 mpaka Uganda. Wazao wao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera. Kinubi chao ni ndugu wa Kiarabu cha Juba, na Kiswahili wanakijua. Ngoma yao ya arusi huitwa doluka, jina lenye asili moja na daluka, ngoma ya udongo ipigwayo na wanawake wa Sudan. Watu wale walipoteza nchi, lakini jina la ngoma ya arusi hawakulipoteza.

Baada ya mapatano ya mwaka 2005 wafanyabiashara wa Uganda, Kenya na Kongo walikuja Juba kwa wingi, na Kiswahili pamoja nao. Mwaka 2011 katiba ya Sudan Kusini ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Basi mtoto wa Kiislamu wa Juba husoma shuleni kwa lugha moja, husikia nyingine sokoni, na maneno ya dini hayana mlinzi ila nyumba na madrasa. Mtoto huyo akizoea kuita kila kitu wimbo, hatapambanua kati ya kisomo na pumbao. Ataona kisomo ni mchezo, au ataona kila furaha ni maasi. Na asiyejua kuwa madihi na kasida ni sifa za Mtume mmoja, huenda akamdhania ndugu yake kuwa ana dini nyingine.

Kwa hiyo yawapasa wazee na walimu wawafundishe vijana majina haya pamoja na maana zake: la Nile na la pwani, la msikitini na la arusini. Mwenyezi Mungu awaunganishe Waislamu katika kheri, na awape watoto wao elimu yenye manufaa. Amin.

Wallahu aalam.