Kipande, Jirani na Ukurasa: Jina la Mtafuta Kazi Naguru

Babu yake mama alikuja Kampala kutoka upande wa Kisumu miaka ya 1950, akiwa na barua mbili za waajiri ndani ya mkebe wa biskuti. Kabla ya hapo, huko Kenya, alivaa kipande shingoni. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba ndani ya kijaluba cha chuma karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, hakuweza kuajiriwa kihalali kwingine. Harry Thuku na wenzake waliipinga mwaka 1921.

Nayasema haya kwa sababu wenzangu huzungumzia kujijengea jina mtandaoni kana kwamba ni jambo jipya kabisa. Mtafuta kazi alikuwa na jina lililoandikwa zamani, ila kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri.

Naguru kulikuwa na njia nyingine. Nyumba za Naguru na Nakawa zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mwanaanthropolojia David Parkin alizichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1969 kinaeleza jinsi vyama vya watu waliotoka kwao pamoja vilivyokuwa na nguvu, hasa miongoni mwa Wajaluo. Bibi alizaliwa humo. Anasema kazi ilianza na mtu kumwambia bosi wake, "Huyu namjua." Kwa kweli haikuwa haki kwa kila mtu: asiye na ndugu wala chama aliambulia vibarua.

Mwaka 2011 nyumba zile zilibomolewa. Nilikuwa mtoto; nakumbuka vumbi na magodoro barabarani. Majirani walitawanyika Kireka, Banda na kwingine, na wale wa kusema "namjua" wakaenda nao. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kizazi chetu kilipohitaji ukurasa.

Lakini mtandao nao una mlango na mwenye ufunguo. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa, na intaneti yote ikazimwa siku kadhaa. Waliokuwa wameweka kazi zao zote Facebook walibaki kuhangaika na VPN.

Mimi nilifungua ukurasa wa LinkedIn baada ya Baraza la Mawaziri kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022. Kila wiki niliweka aya moja niliyotafsiri. Kwa miezi mingi sikupata kitu, isipokuwa sifa za wanafunzi wenzangu. Kisha kampuni moja ya utalii ikaniandikia; walikuwa wamesoma aya zangu na kuzipenda. Siku ya usaili hawakunijaribu hata sentensi moja. Waliniuliza, "Hapa Kampala nani anakufahamu?"

Nilitoa namba ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa jirani yetu Naguru na sasa anaishi Kireka. Hana ukurasa wowote. Walimpigia nikiwa bado nimeketi pale, nami nikamsikia akicheka na kuuliza kama bado naogopa mbwa.

Nilianza kazi Jumatatu iliyofuata.