Askari Aliyeliliwa Angali Hai

Katika vijiji vya Urusi ya karne ya 18, kijana aliyechukuliwa jeshini alililiwa kama maiti. Wanawake walimwombolezea kwa vilio vya msibani, na haki walikuwa nayo. Mwaka 1705 Mfalme Peter Mkuu, akiwa vitani na Sweden, aliagiza kila kaya 20 zitoe kuruta mmoja. Utumishi ulikuwa wa maisha. Mwaka 1793 ndipo ukapunguzwa hadi miaka 25, na aliyejaliwa kuimaliza alirudi mzee.

Nani aende? Mwenye shamba aliamua, au wazee wa kijiji. Mara nyingi walitolewa walevi, wakorofi na wasio na mtetezi. Wenye fedha walinunua mtu wa kwenda badala yao. Kuruta aliyekubaliwa alinyolewa nywele za mbele, akitoroka atambulike. Aliyekataliwa alinyolewa kisogo.

Papo hapo kuruta aliyekuwa mtwana, yaani mkulima wa mwenye shamba, aliacha kuwa mali ya bwana wake, akawa wa mfalme. Kambini aliwapata ndugu wapya: askari walichanga fedha zao, wakanunua kabichi na nyama, wakala chungu kimoja. Lakini akikosa, ndugu hao hao walipangwa safu mbili, kila mmoja na fimbo mkononi, naye akapitishwa katikati akichapwa mgongo mtupu. Adhabu hiyo ilidumu hadi 1863.

Mimi namhurumia zaidi mkewe. Sheria ilimtoa naye utwanani, ila mara nyingi kijiji hakikumpa fungu la ardhi. Si mjane, si mke, hana pa kushika. Wana aliowazaa baada ya hapo walihesabiwa kuwa wa jeshi, na hali hiyo ilikoma mwaka 1856.

Mwaka huo Urusi ilikuwa imeshindwa katika Vita vya Crimea. Jeshi lilikuwa kubwa, lakini halikuwa na akiba ya kutosha ya watu waliofunzwa na kurudishwa makwao, kwa sababu kumfunza mtwana na kumrudisha kulimaanisha kumpa uhuru. Utwana ulifutwa mwaka 1861. Mwaka 1874 Waziri wa Vita, Dmitry Milyutin, akaleta sheria mpya: wana wa matajiri na wa maskini wote wapigiwe kura ya nani aende jeshini, utumishi kambini uwe miaka 6, aliyemaliza shule ya msingi atumikie 4, na mwana wa pekee abaki kwa wazazi wake.