Hedifoni ya Wazi au ya Kufunga: Tuiulize Historia

Nani asiyeujua ubishi wa kibanda cha gemu? Ukiisha wa Simba na Yanga, unaanza wa hedifoni. Mmoja atakwambia, ukitaka kumsikia adui anayekujia kisogoni, vaa hedifoni ya wazi, basi. Mwingine atamcheka: ya wazi ni ya watu wenye vyumba vyao, wewe wa Manzese vaa ya kufunga, kelele za bajaji zibaki huko huko barabarani. Wote wawili wanaapa. Mimi niliyeishia kidato cha nne, na ambaye mpaka leo naandika riwaya isiyotaka kwisha, niliamua kutafuta asili ya ubishi wenyewe. Nilitaka kujua kila aina ilitengenezwa kwa ajili ya mtu gani, amekaa wapi. Na ninayo sababu yangu ya nyumbani, nitaieleza mbele.

Tuanze na maana, ndugu msomaji. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna kiwambo chembamba kinachotikisika. Kikitikisika hutoa sauti pande mbili: mbele, kwenye sikio lako, na nyuma. Hedifoni ya kufunga imezibwa nyuma. Sauti ile hubaki ndani ya kikombe, na kelele za nje hupunguzwa. Ya wazi imeachiwa matundu au wavu. Sauti ya nyuma inatoka zake na hewa inapita. Ndiyo maana ukivaa ya wazi unahisi sauti iko chumbani, siyo ndani ya fuvu. Lakini ndiyo maana pia aliyekaa karibu nawe anasikia unachosikia, na wewe unamsikia yeye.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme mjini Paris, Mfaransa Clément Ader alitega vipaza sauti kwenye jukwaa la opera, akavuta waya mpaka kwenye ukumbi wa maonyesho. Msikilizaji alipewa vipokezi viwili vya simu, kimoja kila sikio. Watu wakashangaa: mwimbaji akitembea jukwaani, walimsikia akihama upande. Jamani, huo ndio msingi wa gemu zetu zote za kuwindana, na ulikuwepo kabla ya gemu yenyewe! Kuanzia 1890 ikawa huduma ya kulipia majumbani.

Sisi tunaoandika tumkumbuke mteja mmoja wa huduma hiyo, Marcel Proust, aliyejiunga mwaka 1911. Proust alikuwa mgonjwa wa pumu. Kelele za Paris zilimsumbua hata mwaka 1910 akaziba kuta za chumba chake kwa magome mepesi ya mti, yale yanayotengenezewa vizibo vya chupa. Humo ndimo alimoandikia. Yaani bwana huyu alijifungia dunia kwa ukuta, kisha akalipa hela ili opera imfikie kwa waya. Kufunga na kufungua, vyote alivihitaji.

Kwa nini lakini masikio mawili yanajua mwimbaji yuko upande gani? Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza jambo hilo mwaka 1907. Sauti nzito ikitoka kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto, tofauti isiyofika hata milisekunde 1. Sauti nyembamba nayo huzuiwa na kichwa chenyewe, ikafika kushoto ikiwa imefifia. Ubongo unafanya hesabu hiyo bila kukuuliza.

Huko Marekani, katika jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin aliunda hedifoni zake jikoni kwake, na mwaka 1910 akalipelekea jeshi la majini. Wakati huo hapakuwa na raha yoyote ndani yake. Ilikuwa kifaa cha kazi, cha kunasa ishara dhaifu za redio. Baadaye rubani na injini yake inayonguruma naye alihitaji kikombe kinachobana sikio. Huko ndiko tabia ya kufunga ilikokomaa: mahali ambapo kelele ni adui, na neno moja usilolisikia linaweza kuua watu.

Muziki ulifuata. Mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ilitoa DT 48. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akaleta hedifoni za stirio kwa wasikilizaji wa nyumbani. Halafu mwaka 1968 Wajerumani wa Sennheiser wakatoa HD 414, hedifoni ya wazi ya kwanza kuuzwa, nyepesi, yenye sponji za njano. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Mtumiaji wake alikuwa nani? Mtu aliyekaa sebuleni kwake, mlango umefungwa, nje kimya. Hakuhitaji kikombe kimzibie kelele, maana nyumba ilishamzibia.

Gemu nazo zikaja. Doom ya mwaka 1993 ilikuwa tayari inagawa sauti kushoto na kulia. Counter-Strike, iliyoanza mwaka 1999, ikafanya vishindo vya miguu kuwa siri ya ushindi: anayekimbia anasikika, anayenyata hasikiki. Hapo ndipo wanaopenda ya wazi wanapata hoja. Sauti ikitanda vizuri, ni rahisi kukisia adui yuko mlango upi. Lakini kwenye mashindano yenye mashabiki wanaopiga kelele, wachezaji wakubwa huvaa za kufunga, na mara nyingi huweka vidogo vya kuingiza sikioni chini yake. Sauti itande wapi, wakati ukumbi mzima unakupigia makelele?

Kwa hiyo kibandani, wa Manzese kasema kweli. Ukivaa ya wazi penye jenereta na spika ya muuza kanda jirani, utapandisha sauti mpaka mwisho, na masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukiongeza sauti zaidi, saa hizo zinapungua haraka.

Kwetu hadithi ni nyingine. Nyumba tuliyopanga ina kuta zisizofika kwenye bati. Mama anauza samaki, na saa kumi alfajiri anakuwa ameshatoka kwenda Feri. Tangu hapo mpaka kunapambazuka nabaki mimi na kompyuta yangu ya mtumba, na mdogo wangu wa miaka 9 amelala upande wa pili wa ukuta. Ana pumu. Kifua kikimbana hapigi kelele, pumzi ya kupigia kelele hana. Anagonga ukuta kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, taratibu. Kupigwa risasi kwenye gemu utafufuka raundi ijayo. Kule kugonga sitaki kunipite.

Nimechagua ya wazi, na sauti nimeishusha chini, ili isimwamshe na ili nimsikie. Ninaposhindwa na watoto wa kibandani wakinicheka, na wacheke. Chumba changu hakina injini ya ndege wala mashabiki. Kina mtu mmoja ninayetakiwa kumsikia.

Basi mwenzangu, kabla hujatoa hela Kariakoo, usiulize ipi bora. Jiulize utakaa wapi, kelele ya hapo ni ya kiasi gani, na ni sauti ya nani usiyotaka ikupite. Anayecheza penye vurugu afunge. Mwenye chumba kimya afungue. Na wewe unayeandika usiku kama mimi, maswali hayo hayo jiulize kabla hujaziba masikio ili riwaya iende.