Ukadiriaji wa gharama za ujenzi: Njia ndefu kwa waliokosa alama

TAALUMA ya ukadiriaji wa gharama za ujenzi haijafungwa kwa mwanafunzi ambaye hakupata alama ya C+ katika mtihani wa KCSE, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na shahada nchini. Hata hivyo, atakayepitia mlango wa nyuma sharti ajue mapema unakomea wapi.

Mkadiriaji ndiye husoma ramani za jengo na kuandaa orodha ya kazi, vipimo na bei, ambayo wajenzi huiita BQ. Hutathmini zabuni, hukagua kazi iliyokamilika kabla mkandarasi hajalipwa, na hatimaye huandaa hesabu ya mwisho ya mradi.

Aliyepata C- huweza kusomea diploma, naye mwenye D huanzia cheti. Kutoka hapo wengi huajiriwa na wakandarasi kama makarani wa stoo, wasaidizi wa kupima kazi au wasimamizi wa mafundi.

Kazi hizi huonekana duni, ila zina elimu isiyopatikana darasani. Chukua sakafu ya zege yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na unene wa sentimita 15. Katika BQ itaandikwa mita 12 za ujazo, basi, kwa kuwa vipimo hutolewa kama ramani ilivyo. Zege litakalomwagika na saruji itakayoganda kwa kunyeshewa hufidiwa ndani ya bei. Aliyewahi kutunza stoo anajua upotevu huo ni kiasi gani. Anayetoka chuoni moja kwa moja mara nyingi hubahatisha.

Tatizo huja baadaye. Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji, Sura ya 525, hairuhusu mtu kujiita mkadiriaji wa gharama kitaaluma bila kusajiliwa na Bodi ya usajili, BORAQS. Hivyo, mwenye diploma anaweza kuandaa BQ kwa miaka mingi, na bado stakabadhi zikatiwa sahihi na mwingine. Mshahara nao hufuata sahihi.

Ili kuvuka hapo, anahitaji shahada inayotambuliwa na Bodi, tajriba inayoiridhisha, na kufaulu mitihani yake. Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Jomo Kenyatta (JKUAT) ni miongoni mwa vyuo vinavyofunza shahada ya taaluma hii.

Mambo mawili huwaponza wengi. Kwanza, shahada ya usimamizi wa ujenzi si sawa na ya ukadiriaji, hata kama masomo yanafanana; ni vyema kuiuliza Bodi yenyewe kabla ya kulipa karo. Pili, si kila chuo humruhusu mwenye diploma kuruka mwaka wa kwanza. Ahadi ya namna hiyo yafaa itolewe kwa maandishi.

Anayefanya kazi chini ya mkadiriaji aliyesajiliwa na kuhifadhi kumbukumbu za miradi yake hupata wepesi wa kuthibitisha tajriba yake.

Muda nao ni gharama. Cheti cha miaka miwili, diploma ya mitatu na shahada ya minne hufikisha miaka tisa kabla ya mtihani wa Bodi, ilhali aliyeingia chuo kikuu moja kwa moja hutumia minne. Tofauti ni kwamba huyu wa kwanza huweza kula jasho lake kila anapomaliza hatua moja.